Uovu Hauandikwi Kabla ya Tendo

Vijana wenzangu, niko hapa Butare, Rusizi. Leo nitasema ukweli hata kama utauma kidogo.

Jioni tunacheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa hadithi na dadu uliotoka Marekani mwaka 1974. Kila mchezaji ana karatasi ya mhusika wake: jina, nguvu, na msimamo wa maadili. Misimamo iko 9, na inajibu maswali mawili: Unafuata sheria au hapana? Wewe ni mwema au mwovu?

Hapo naunga mkono, maana sheria na wema vimetenganishwa. Mama aliyevuka mpaka usiku bila karatasi, mtoto mgongoni, alivunja sheria. Nani atathubutu kumwita mwovu?

Shida yangu ni maorki, yale majitu ya vita. Juzi ndugu yetu mmoja alitaka kuwa orki mganga. Tukamkatalia: eti kitabu kinasema orki ni mwovu. Hajafanya kitu, hajasema neno, tayari kahukumiwa kwa kabila. Na waliomhukumu ni sisi wakimbizi!

Jamani, tumesahau tuko nchi gani? Miaka ya 1930 Wabelgiji waliandika kabila kwenye vitambulisho vya Wanyarwanda. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, neno moja kwenye kitambulisho lilitosha mtu kuuawa kwenye kizuizi cha barabarani. Hakuna aliyeuliza amefanya nini. Baada ya hapo neno hilo likaondolewa.

Mtasema, "Ni mchezo tu." Sawa, orki hayupo. Lakini mazoea yapo. Ukizoea kusema "hao ndivyo walivyo" mezani, kesho utasema hivyo kwenye foleni ya maji. Wengi wetu tulikimbia kwetu kwa sababu ya maneno hayo hayo.

Hata kampuni ya mchezo wenyewe, Wizards of the Coast, mwaka 2020 ilikiri kwamba maorki walielezwa kwa namna inayofanana na jinsi makabila ya kweli yanavyodharauliwa.

Basi napendekeza: nafasi ya msimamo iachwe tupu. Tucheze kwanza, matendo yaijaze. Na ninyi ndugu wa mashirika mnaojaza fomu zetu, kumbukeni: mkishajua natoka wapi, bado hamjajua mimi ni mtu wa namna gani.

Yule ndugu arudi na orki wake. Mganga tunamhitaji.