Mji wa Kuhamia Uzeeni: Mume na Mke Wachague Pamoja

Tangu mwaka 2009 karani wa Serikali ya Kenya huacha kazi akiwa na umri wa miaka 60, wala si 55 kama ilivyokuwa zamani. Siku hiyo hupewa mkono wa buriani, na baadaye hulipwa kiinua mgongo chake. Zamani mtu wa namna hii hakuwa na haja ya kuuliza atakwenda wapi, kwa kuwa shamba la baba yake lilikuwa likimngoja. Siku hizi shamba lile limekwisha kugawanywa kwa ndugu watano au sita, na fungu lake huenda halitoshi hata kujengea nyumba na kupanda mahindi ya kula. Nairobi nako kodi ya nyumba haimngoji mzee. Ndiyo sababu watu wengi hutafuta mji mdogo, wenye hewa nzuri na chakula cha bei nafuu, wapate kuishi humo yeye na mkewe.

Bwana mmoja na Bibi yake walifanya hivyo. Bwana alikuwa karani wa hesabu, na Bibi ni fundi wa kushona nguo. Watoto wao watatu wamekwisha kuwa watu wazima, nao wafanya kazi Nairobi. Kwa kuwa Bwana ni mtu wa madaftari, aliandika majina ya miji minne, kisha katika likizo zake za mwisho akazuru mmoja baada ya mwingine. Kosa lake la kwanza lilikuwa kwamba alikwenda peke yake.

Kitale aliisifu sana. Udongo wake ni mzuri, mahindi ni tele, na Mlima Elgon waonekana asubuhi. Lakini toka Nairobi mpaka Kitale ni safari ya kilomita zipatazo 380, na Bibi alipohesabu nauli ya kwenda kuwatazama wajukuu alilifuta jina lile mara moja. Nanyuki nayo ni mji wa kupendeza chini ya Mlima Kenya, na gari la moshi la abiria lilianza tena kwenda huko mwaka 2020 baada ya kukoma kwa miaka mingi. Hata hivyo uzuri huo umekwisha kujulikana na watu wenye fedha nyingi kuliko karani. Watalii, wenye mahoteli na matajiri wa Nairobi wote wavitaka viwanja vilevile, na bei yafuata mifuko yao.

Naivasha ilikuwa karibu kumnasa. Ni mahali pa karibu na Nairobi, na dalali mmoja alimwonyesha kiwanja tambarare karibu na ziwa kwa bei iliyomfurahisha. Kwa bahati njema alikaa kunywa chai katika hoteli ndogo ya jirani, akamwuliza mama aliyemtilia chai kwa nini nyumba mbili za upande wa pili hazikai watu. Mama akamjibu kwamba wenyewe walihamishwa na maji. Mwaka 2020 maziwa ya Bonde la Ufa yalifura, na maji ya Ziwa Naivasha yakaingia nyumbani mwa watu katika mtaa wa Kihoto. Na mwaka 2025 yakarudi tena. Dalali hakuwa amelitaja jambo hilo. Bwana alilipa chai yake akaondoka. Yafaa kukumbuka kwamba habari za kiwanja aghalabu hupatikana bora kwa muuza chai kuliko kwa muuza kiwanja.

Ikabaki Nyahururu, na safari hii walikwenda wote wawili.

Mji huu zamani uliitwa Thomson's Falls, kwa jina la Joseph Thomson, msafiri Mskoti aliyefika huko mwaka 1883. Mto Ewaso Narok wapita kando ya mji, kisha waanguka mita 74 katika korongo lenye miti mingi, na mvuke wa maji yale huwalowesha watazamaji. Reli ya kutoka Gilgil ilifika mwaka 1929, na mji ukakua kuizunguka. Uko juu sana, zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na mstari wa Ikweta. Hivyo mgeni adhaniaye kwamba Ikweta ni mahali pa joto hupata funzo lake usiku wa kwanza. Viazi, kabeji, karoti, minji na maziwa hutoka mashamba ya jirani, na sokoni bei yake ni ya mkulima zaidi kuliko ya mchuuzi. Wakimbiaji wengi hujizoeza huko kwa sababu ya wepesi wa hewa. Samuel Wanjiru, aliyeipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya dhahabu katika mbio za marathoni za Olimpiki, huko Beijing mwaka 2008, alikuwa mtu wa Nyahururu. Lakini hewa imfaayo kijana wa mbio huenda isimfae mzee mwenye ugonjwa wa moyo au wa kifua, na mwenye maradhi hayo yampasa amwulize daktari wake kwanza, kabla ya kumwuliza dalali.

Bwana aliupenda mji ule tangu alipoyaona maporomoko. Siku ya pili alikuwa amekwisha kupata kiwanja kilimani, mwendo wa kilomita 7 kutoka mjini, chenye kuonyesha bonde lote. Bei yake ilikuwa nusu ya bei ya kiwanja cha mjini. Alisema hapo ndipo atakapojenga, aweke kiti chake barazani, apumzike.

Bibi alitazama bonde, akalisifu. Kisha akatazama njia waliyojia, ambayo ilikuwa udongo mtupu, akasema, "Baba watoto, wewe waona mahali pa kukaa wawili. Mimi nauliza habari ya yule mmoja atakayebaki. Mmoja wetu atatangulia. Kama ni wewe, mimi nitapanda bodaboda katika tope hili kwenda hospitali? Na kama ni mimi, nani atakuletea hata chumvi?"

Bwana hakuwa na jibu. Katika daftari lake alikuwa ameandika bei ya saruji, ya mabati, ya maji na ya umeme, lakini jambo hilo halikuwamo. Bibi akaongeza la pili, kwamba cherehani yake haishoni nguo za ng'ombe wala za miti. Mapato yake, ingawa ni madogo, ndiyo yanunuayo sukari na majani ya chai, na fundi asiye na wapita njia mlangoni hana kazi. Watu wengi huhesabu malipo ya uzeeni ya mume peke yake, kana kwamba kazi ya mke haitahama pamoja naye. Kumbe yaweza kufa njiani.

Walirudi Nairobi bila kununua kitu. Shauri walilofanya ni hili: fedha za kiinua mgongo zikae benki, nao wapange nyumba Nyahururu mwaka mzima, karibu na soko, mahali ambapo hospitali ya kaunti yafikika kwa miguu. Walipata nyumba ya vyumba viwili kwa kodi iliyo chini ya nusu ya ile waliyokuwa wakilipa Nairobi. Mwezi wa Julai uliwafundisha mengi. Makaa ya kuota yalikula sehemu kubwa ya akiba iliyopatikana katika kodi, mablanketi yakanunuliwa, na magoti ya Bwana yakalalamika kila asubuhi hata jua lilipopanda. Nauli za kwenda Nairobi, mwendo wa karibu kilomita 190, zilikuwa zaidi ya walivyokisia, maana hakuna mwezi uliopita bila harusi, matanga au mtoto mgonjwa. Hata hivyo mwisho wa mwaka hesabu ilionyesha baki. Bibi naye alipata kazi ya kushona sare za shule, na jirani wakamjua kwa jina.

Ndipo walipotafuta kiwanja, kidogo, mjini. Bwana alikwenda mwenyewe katika ofisi ya ardhi kuuliza hati ni ya nani, na kama kiwanja hakikuwekwa rehani. Jambo hili lataka uangalifu zaidi Nyahururu, kwa kuwa mji uko Kaunti ya Laikipia lakini uko mpakani, na ukienda kidogo umekwisha kuingia Nyandarua. Yafaa mnunuzi ajue hakika kiwanja chake kiko upande gani. Tena kama kiwanja kimekatwa katika shamba la kulima, ni lazima kupata idhini ya Bodi ya Ardhi, kwa maana mauzo yasiyo na idhini hiyo ni batili.

Juu ya majina hapakuwa na ubishi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 yaruhusu watu wawili kumiliki ardhi kwa pamoja, hivi kwamba mmoja akifariki haki yake humwendea aliyebaki. Bwana aliomba iandikwe hivyo, na karani wa ofisi alipomwuliza kama ameelewa maana yake, alijibu kwamba ameelezwa tayari, tena kilimani.

Nyumba haijaanza kujengwa. Daftari limefunguliwa upya katika ukurasa wa mabati, na Bibi ametaka chumba cha mbele kiwe na dirisha kubwa lenye kuelekea njiani, pa kuweka cherehani.