Karatasi Mdaini Mwenye Nyumba

Mathe aliingia ofisini saa nne asubuhi akiwa na mfuko wa nailoni. Ndani kulikuwa na karatasi zote anazomiliki: kitambulisho, kadi ya kliniki ya mtoto, barua ya chifu na karatasi ya shule yenye deni. Alikuwa ametoka Dandora Phase Four kwa miguu. Alidaiwa kodi ya miezi mitatu, shilingi 4,500 kwa mwezi, na keateka alikuwa amempa mpaka Jumamosi. Tukaanza kujaza fomu. Tulipofika mahali pa mkataba wa upangaji, akacheka.

"Mkataba gani, mwanangu? Mimi niliambiwa chumba kipo, nikatoa dipoziti, nikapewa ufunguo."

Risiti je? Hakuna. Akatoa simu yake, mulika mwizi iliyofungwa na raba, akanionyesha meseji za M-Pesa za miezi kumi na moja. Kila mwezi, kati ya tarehe mbili na sita, 4,500 zimeenda kwa namba ile ile ya keateka.

Mimi nilimwamini. Wewe pia ungemwamini. Lakini msimamizi wangu alirudisha faili. Jina lililo kwenye meseji ni la keateka, si la mwenye nyumba, kwa hivyo huo si ushahidi wa upangaji. Nikaandika kwenye kompyuta maneno mawili tuliyokuwa tukiyaandika kila siku: "Stakabadhi pungufu."

Nilifanya kazi ya afisa wa kesi katika mradi wa kusaidia watu kulipa kodi ya nyumba, hapa Eastlands, kuanzia 2022 hadi mwishoni mwa 2024. Shirika silitaji, kwa sababu halikuwa baya kuliko mengine. Watu wake walikuwa wapole, chai ilikuwepo, na wale waliopita kwenye chujio walilipiwa kweli. Ugomvi wangu ni na lile chujio lenyewe. Tulikuwa tunamdai mpangaji karatasi ambazo si yeye anayepaswa kuzitengeneza. Mkataba huandikwa na mwenye nyumba. Risiti hutolewa na mwenye nyumba. Asipofanya hivyo, kosa ni lake, lakini adhabu ilikuwa inamwangukia mpangaji.

Na hapa mtaani karibu hakuna mwenye nyumba anayeandika. Kila mtu aliyewahi kupanga Kayole, Huruma, Pipeline au Umoja anajua vile keja hupatikana. Unaona kibao kimeandikwa kwa rangi, "Vyumba vipo," unapiga simu, keateka anashuka na rundo la funguo. Unauliza bei, unauliza maji huja siku gani, unatuma pesa, unaingia. Landilodi humwoni. Wengine wamekaa miaka sita kwenye ploti na hawajui kama mwenyewe ni mwanamume au mwanamke. Wanajua tu anakaa "huko Kiambu".

Hii haikuanza jana. Kaloleni, Bahati, Maringo na Jericho zilijengwa na halmashauri ya jiji, na hata zilipochakaa, mpangaji alijua anamlipa nani. Dandora ilianza miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Watu walipewa ploti zenye choo na bomba ili wajenge wenyewe polepole. Leo nyingi za ploti hizo zimepanda ghorofa, vyumba vimepangana kama makreti ya soda, na anayekusanya kodi si yule aliyepewa ploti. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba karibu familia tisa kati ya kumi Nairobi ni za wapangaji. Yaani jiji karibu lote linakaa kwa neno la mdomo.

Sasa sikiliza sehemu ambayo hakuna mtu ofisini alitaka kuisema kwa sauti. Fomu yetu ilimtaka mwenye nyumba aandike barua, aweke sahihi, atoe namba yake ya KRA na akaunti ya benki. Kodi ya mapato ya nyumba za kupangisha ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024. Kabla ya hapo ilikuwa asilimia 10. Landilodi mwenye vyumba thelathini ambaye hajawahi kuripoti hata kimoja, unadhani ataweka sahihi kwenye karatasi ya shirika ili mama mmoja alipiwe 13,500? Nilipiga simu hizo mwenyewe. Mmoja aliniambia bila aibu: "Kijana, afadhali nimfukuze nipate mwingine." Akakata.

Kwa hivyo msaada wa maskini ulitegemea sahihi ya mtu anayemkwepa mtoza ushuru. Akikataa, mpango haukumfanya lolote. Faili ya mpangaji ndiyo iliyofungwa.

Najua jibu litakalokuja, maana nililisikia kila Jumatatu kwenye mkutano: mkiacha karatasi, wajanja watakula pesa za wafadhili. Ni swali la haki na ninalijibu. Ndiyo, wajanja wapo. Lakini wizi niliouona ulitoka kwa wale wenye karatasi. Keateka mmoja aliandikia wapangaji saba barua za madeni na kudai elfu moja kwa kila barua. Mwenye ploti mwingine alisikia tunalipa, akapandisha kodi mwezi huo huo. Barua zao zilikuwa na mihuri mizuri sana. Mtu mwenye nia ya kuiba hutengeneza karatasi kwanza, kabla ya kuja ofisini. Anayekuja mikono mitupu mara nyingi ni yule ambaye hajui kudanganya kwa maandishi.

Wenzetu wameshapitia haya. Marekani, wakati wa korona, bunge lao lilitenga zaidi ya dola bilioni 46 za kusaidia wapangaji, kwanza Desemba 2020, halafu nyongeza Machi 2021. Kufikia katikati ya 2021 sehemu kubwa ya pesa hizo ilikuwa bado imelala, na sababu moja kubwa ilikuwa fomu. Agosti mwaka huo wizara yao ya fedha ikasisitiza kwamba mpangaji anaweza kuapa kwa maneno yake mwenyewe kuhusu kipato na shida yake, na kwamba mwenye nyumba akikataa kushirikiana, pesa zinaweza kupewa mpangaji moja kwa moja. Kama nchi yenye mafaili kuliko watu iliona karatasi zinaua msaada, sisi wa keateka na mulika mwizi tunangoja nini?

Serikali yetu nayo isijifiche nyuma ya mashirika. Mei 2020, katikati ya korona na amri ya kutotoka nje usiku, matingatinga yalibomoa nyumba za maelfu ya watu Kariobangi Sewerage. Mwaka huo huo kulikuwa na mpango wa kutuma shilingi 1,000 kwa wiki kwa familia zilizoumia. Julai 2021 Human Rights Watch wakatoa ripoti kwamba familia nyingi za mitaa ya mabanda hazikufikiwa, na kwamba kujuana kulichangia nani aingie kwenye orodha. Halafu Mei 2024, baada ya mafuriko na ubomoaji kando ya Mto Mathare, Rais akaahidi 10,000 kwa kila familia ili itafute pa kuhamia.

Piga hesabu mwenyewe. Kodi 4,500, dipoziti 4,500, mkokoteni 800. Umebaki na 200 na hujanunua unga. Na kabla ya hiyo elfu kumi kufika, lazima jina lako liwe kwenye orodha, na ili uwe kwenye orodha lazima mtu athibitishe kwamba ulikuwa unakaa kwenye chumba ambacho sasa ni matope. Nani atathibitisha? Keateka, ambaye naye amehama. Wiki hizo foleni yetu ilifika barabarani, na swali letu lilikuwa lile lile: mkataba uko wapi?

Ukisoma Katiba, kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya makao yanayofaa. Ukisoma Sura ya 296, sheria inayomlinda mpangaji dhidi ya kupandishiwa kodi ovyo na kufukuzwa bila amri, utakuta inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho ni cha enzi za wazazi wetu. Tafuta chumba cha 2,500 Umoja uniambie. Na kama umeajiriwa, tangu Machi 2024 kuna sheria inayokukata asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, mwajiri wako akiongeza kiasi hicho hicho. Pesa hizo zinajenga nyumba za kununua. Mpangaji wa Pipeline anakatwa mshahara leo ili mtu apate nyumba kesho, lakini kwa kodi ya mwezi huu hana wa kumshika mkono ila foleni ya shirika.

Nisije nikajifanya mtakatifu. Mimi ndiye niliyeandika "stakabadhi pungufu". Ningeweza kubishana zaidi, kwenda Phase Four na kuongea na majirani. Nilikuwa na faili sitini mezani na kandarasi ya miezi sita, nikaogopa. Jumamosi ile keateka aliongeza kufuli lake juu ya kufuli la mathe. Jumatatu alinipigia simu kutoka kwa dadake Njiru. Hakunitukana. Aliuliza tu kama bado anaweza kuleta ile karatasi, maana alikuwa amepata mtu wa kumchapishia kwa mia mbili. Yaani nilikuwa nimemfundisha kughushi.

Basi, kwa wanaoendesha miradi hii, ninadai vitu vitatu na hakuna hata kimoja kinachohitaji semina ya Naivasha. Meseji za M-Pesa zikubaliwe kama ushahidi wa upangaji, hata zikiwa na jina la keateka. Palipo na shaka, tumeni mtu kwenye ploti aulize mlango wa pili na wa tatu; majirani wanajua nani anakaa wapi kuliko faili yoyote. Na pesa zitumwe kwa simu ya mpangaji. Mtasema atanunua chakula. Akinunua, basi alikuwa na njaa, na ninyi mmejua jambo ambalo fomu haikuwaambia.

Kwa serikali, ninadai ule mzigo wa karatasi uhamishwe. Mwenye ploti asiruhusiwe kudai hata shilingi moja ya malimbikizo mbele ya dalali, chifu au mahakama kama hana mkataba ulioandikwa na risiti. Siku ambayo kutokuandika kutamgharimu yeye, ataandika.

Na wewe unayesoma hii kwenye keja yako, ukingoja tarehe tano: usiende peke yako kumwomba landilodi mkataba, utahamishwa. Ongeeni ploti nzima, muende pamoja. Mpaka hapo, hifadhi kila meseji ya kodi, usifute hata moja. Siku moja mtu kama mimi atakuuliza uthibitishe kwamba ulikuwa na kwako.