Kadi ya Kliniki na Hesabu za Kidato cha Tatu

Akina mama wapendwa, mwezi huu mtuwie radhi, hatutazungumzia minyoo wala lishe. Tutazungumzia hesabu. Tafadhali usifungue ukurasa wa mapishi kwanza!

Jumamosi moja jioni tulimkuta binti yetu, aliye kidato cha tatu, akilia mezani. Daftari lake lilikuwa limerudi na alama ya kosa kwa wino mwekundu. Alikuwa ameambiwa achore grafu ya y = 2x + 1. "Mama, nimekokotoa sawasawa," alisema, "lakini mstari wangu umepinda, na mwalimu anasema lazima unyooke." Tulimjibu jambo ambalo tunaona haya kuliandika: kwamba hesabu hazimo katika ukoo wetu, asihangaike sana.

Binti akanyamaza, akaanza kukusanya vitabu. Ule ukimya wake ndio uliotuchoma. Tukavaa miwani, tukavuta kiti.

Jedwali lake halikuwa na kosa. Pale x ilipokuwa -2, y ilikuwa -3. Kwa 0 alipata 1. Kwa 1 alipata 3. Kwa 4 alipata 9. Lakini kwenye mhimili wa mlalo alikuwa ameziandika -2, 0, 1 na 4 zikiwa zimeachana kwa nafasi sawa, kama watoto waliopangwa mstarini. Kutoka 0 hadi 1 ni hatua moja, na kutoka 1 hadi 4 ni hatua tatu, lakini yeye alizipa nafasi ile ile. Mstari ungeachaje kupinda?

Kosa hilo tulilijua mara moja, kwa kuwa sisi wenyewe tuliwahi kulifanya, na halikuwa daftarini. Tulikuwa wageni kazini, katika kliniki ya watoto. Mama mmoja alileta mtoto wa miezi tisa ambaye mara ya mwisho alipimwa akiwa na miezi sita, kilo 7. Siku hiyo mizani ikasema kilo 7.3. Foleni ilikuwa ndefu, nasi tukaweka nukta kwenye chumba kilichofuata, yaani mwezi wa saba, tukaunganisha mstari. Ukapanda vizuri. Tukamsifu mama, akaenda zake. Muuguzi mkuu alipopitia kadi na daftari jioni, alituita, akaweka kidole kwenye mwezi wa tisa, akauliza: "Nukta ya hapa iko wapi?" Alipoiweka mahali pake, mstari ulikuwa karibu kulala. Mtoto wa umri huo hutazamiwa kuongeza karibu kilo nzima katika miezi mitatu. Huyu aliongeza gramu 300. Mama akatafutwa, akarudi, na kumbe mtoto alikuwa ameharisha mara kwa mara. Tunamshukuru Mungu alipona. Lakini namba zetu zote zilikuwa sahihi siku ile, na bado kadi ilisema uongo.

Basi, mama, wewe unayesema grafu hujui, umeishika mkononi tangu mtoto wako wa kwanza. Daktari Mwingereza David Morley ndiye aliyeianzisha kadi ya namna hiyo katika kijiji cha Imesi-Ile, Nigeria, miaka ya 1950, ili mama aione afya ya mwanawe kwa macho. Mistari ya kulinganishia iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 ilitokana na watoto wa Brazili, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Umri uko chini, uzito uko pembeni, na kila umri una uzito wake mmoja tu. Uhusiano wa namna hiyo ndio mwalimu anaouita fanksheni. Mtoto anaweza kuwa na uzito ule ule katika miezi miwili tofauti, lakini hawezi kuwa na uzito wa aina mbili kwa wakati mmoja. Ndiyo maana wanafunzi huambiwa wasimamishe rula wima juu ya mchoro: ikiukata mara mbili, hiyo si fanksheni. Duara hushindwa hapo.

Shida nyingine ni lugha. Watoto wetu husoma hesabu kwa Kiswahili hadi darasa la saba, kisha sekondari wanazikuta kwa Kiingereza, na juu yake wanakutana na f(x), ambayo wengi huisoma kama f mara x. Si kuzidisha. Leonhard Euler, mtoto wa mchungaji wa Uswisi, aliiandika hivyo mwaka 1734 kwa maana ya "kiasi unachopata ukitumia x". Mwambie mwanao hivyo, kwa Kiswahili, kisha aendelee na Kiingereza chake.

Tulimpa binti hesabu ya kikundi chetu. Tuseme mtu mmoja anakodisha turubai kwa shilingi 30,000 na kila kiti shilingi 500. Mwingine hatozi turubai, lakini kiti chake ni shilingi 800. Tumchukue nani? Akachora mistari miwili, safari hii akihesabu vyumba kwa uangalifu. Mmoja ulianzia juu, kwenye 30,000, ukapanda polepole. Wa pili ulianzia sifuri, ukapanda kwa kasi. Ikakutana kwenye viti 100, shilingi 80,000. Chini ya hapo wa pili ni nafuu, juu ya hapo wa kwanza. "Kwa hiyo msiba na harusi haviendi kwa mtu mmoja," alisema, nasi tukacheka, maana miaka yote tumekuwa tukibishana jambo hilo kwa maneno.

Kisha tulifungua sanduku, tukamtolea kadi yake mwenyewe ya kliniki. Aliifuata kwa kidole: kilo 3 alipozaliwa, 6 miezi mitano, 9 alipotimiza mwaka. "Huu haunyooki," alisema. Hapana, tukamwambia, huu ni halali kupinda, kwa sababu mtoto huongezeka kwa kasi mwanzoni, kisha hupunguza. Akaendelea hadi mahali ambapo miezi mitatu haikuwa na nukta. Aliyeijaza alikuwa ameacha nafasi, kama ipasavyo.

"Hapa nilikuwa wapi, Mama?"

Kwa bibi yako, tukamjibu. Sisi tulikuwa chuoni.

Akatazama nukta iliyofuata, akapima kwa rula kutoka ile ya kabla yake, akatikisa kichwa. "Bibi alinilisha vizuri," alisema, akalivuta daftari lake ili aichore upya y = 2x + 1.