Namba ya Farasi Pekee Ni Porojo

Wapenzi wa magari ya misuli ya Marekani, leo tuongee ukweli. Mtu akiona Chevelle SS ya 1970 yenye injini ya LS6, swali lake la kwanza ni, "Iko na farasi ngapi?" Akiambiwa 450, basi, mjadala umeisha. Wewe mwenye gari la farasi 360 kaa kando.

Mimi nasema hiyo namba ikiwa peke yake ni porojo. Na ni porojo ya bei ghali, kwa sababu kuna watu wanalipa pesa ya kununua nyumba wakiiamini.

Hiyo 450 ilipimwa aje? Hadi 1971, kampuni za Marekani zilitangaza nguvu ya injini ikiwa imefungwa kwenye stendi, uchi. Hakuna eya klina, hakuna ekzosi ya gari lenyewe, hakuna mzigo wa alteneta. Kuanzia magari ya 1972 wakaanza kutangaza nguvu ya injini ikiwa imevaa vitu vyake vyote. Angalia Corvette ya kawaida ya 1971: kwa kipimo cha zamani ilikuwa 270, kwa kipimo kipya 210. Injini ni ileile! Mwaka uliofuata ikaandikwa 200, na hadi leo kuna watu wanalia ati ilipoteza farasi 70 usiku mmoja. Ilipoteza 10. Hizo zingine 60 hazikuwahi kufika barabarani.

Na usidhani kila namba ilitiwa chumvi. Corvette ya L88, injini ya mbio kabisa, iliandikwa 430, wakati L71 ya mtu wa kawaida iliandikwa 435. Sasa niambie, hapo ukinunua kwa kusoma namba, utachukua gani?

"Basi tupeleke gari kwa dayno." Sawa, lakini dayno nayo ina maswali yake. Nguvu imepimwa kwenye injini au kwenye magurudumu? Giaboksi na difu hula sehemu yake. Hesabu imesahihishwa kwa kipimo cha SAE au STD? Gari lilelile, siku ileile, STD husoma karibu asilimia 4 juu. Halafu kuna mwinuko. Injini isiyo na taabo hupoteza karibu asilimia 3 kwa kila mita 300 unazopanda. Ile ya 400 kando ya bahari haifiki 350 ikiwa Denver, na Nairobi iko juu kuliko Denver. Lakini karatasi iliyosahihishwa bado itakuandikia 400. Unaifremu ukutani, ukienda barabarani gari linakuuliza hizo farasi zingine ziko wapi.

Kuna wale wa kupima na masikio pia. Kamshafti kubwa, injini inatetema saiti, watu wanapiga nduru. Wasee, debe tupu haliachi kuvuma. Kamshafti hiyo mara nyingi imeiba toku ya chini, ile nguvu ya kuzungusha inayokutoa kwenye taa. Buick GS Stage 1 ya 1970 iliandikwa farasi 360, lakini toku yake ilikuwa 510 kwenye mizunguko 2,800 tu. LS6 na farasi zake 450 ilikuwa 500, tena kwenye 3,600. Hebu rudia kusema Buick ikae kando.

Ukitaka ukweli, nenda robo maili. Usiangalie muda pekee, kwa sababu muda unategemea tairi na mguu wa dereva. Angalia spidi ya kuvuka mstari. Igawe kwa 234, jibu ulizidishe kwa lenyewe mara tatu, kisha zidisha na uzito wa gari na dereva. Gari la ratili 4,000 likivuka kwa maili 106 kwa saa lina kama farasi 372. Hesabu ya simu, dakika moja.

Kinachoniuma zaidi ni kile hii ibada inafanyia injini. Mwenye gari anataka namba ipande, fundi anasukuma taimingi mbele na kubana petroli kwenye kabureta. Dayno inasoma farasi kadhaa zaidi, kila mtu anapiga picha. Kisha siku ya jua kali, mzigo ukiwa juu, injini inaanza kugonga, na pistoni ya miaka 50 inatoboka. Fundi mzuri anasoma plagi, anaacha nafasi ya usalama, anakurudishia gari linalowaka asubuhi na kuvuta vizuri kutoka chini. Karatasi yake itasoma chini kidogo. Huyo ndiye wa kulipwa.

Kwa hivyo kesho mtu akikuonyesha namba, muulize: imepimwa wapi, kwa kipimo gani, kwenye mizunguko mingapi, na gari linavuka mstari na spidi gani? Akikosa majibu, usitoe pesa yako.