Eneo la Wazi Lina Wenyewe

Asubuhi moja watoto wa mtaani kwetu walitoka na mpira wao wa makaratasi, wakakuta uwanja umezungushiwa mabati. Goli moja limebaki nje, la pili limo ndani. Juu ya mabati, kwa rangi nyekundu ambayo bado haijakauka: "Eneo hili haliuzwi." Kweli, haliuzwi. Limeshauzwa!

Tulipokwenda kuuliza tukajibiwa kuwa pale palikuwa patupu. Patupu? Ndipo tunapotandika majamvi ya msiba, ndipo maji ya mvua yanapotuama yasituingie vyumbani. Anayesema uwanja hauna mwenyewe hajawahi kufiwa uswahilini.

Wala msituambie kwamba cha wote hakitunziki. Nendeni Shinyanga. Mkoloni alifyeka miti kuwafukuza mbung'o, pamba ikamalizia iliyobaki, kisha operesheni ya vijiji ikawatoa watu kwenye ngitili zao, yale malisho yanayofungwa masika ili ng'ombe wale kiangazi. Nchi ikabaki kipara. Mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulijikita kwanza kwenye vitalu vya miche, ukaja kung'amua kwamba dawa ilikuwa kwa Wasukuma wenyewe. Ngitili zikafungwa upya, zikalindwa kwa sheria ndogo na sungusungu, na visiki vikachipua. Mradi ulipokwisha mwaka 2004, mamia ya maelfu ya hekta yalikuwa yamerudi kuwa kijani.

Tena kijiji kina rungu la kisheria la kulinda cha wote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia. Najua huvunjwa, lakini angalau ipo ya kuvunjwa, na aliyeivunja anashitakika. Mwenyekiti wetu wa mtaa ana nini? Muhuri wa barua za utambulisho! Kwa nini mfugaji wa kijijini Shinyanga aulizwe, nami nishtukie mabati?

Mtaa nao upewe rungu hilo. Ramani ya maeneo ya wazi ibandikwe ukutani ofisi ya mtaa, kila mpita njia aione. Eneo hata moja lisibadilishwe matumizi bila mkutano wa wakazi kuridhia. Na sisi tuache kuikimbia mikutano hiyo, kisha tukalia barazani.

Jana watoto waliweka mawe barabarani, ndiyo magoli. Bodaboda ikipita, mpira unasimama.