Uhaba wa Kutengenezwa

Kuna tabia imetuingia sisi wapenzi wa gita na leo naisema mchana kweupe: kushangilia muziki kwa sababu wengi hawawezi kuupata. Bendi huru ya rock yenye ladha ya blues inatoa nyimbo nne, inachapisha santuri 200, inazipa nambari kwa mkono, halafu inatangaza: zikiisha zimeisha, na mtandaoni hamtazisikia. Wasee wanapiga makofi. Tunashangilia nini hasa?

Utetezi naujua. Kiwanda cha santuri hakikuchapishii moja moja. Unalipia mamia kwa mpigo kabla hujauza hata moja. Pesa za mtandaoni nazo ni makombo. Bendi ikichapisha 200 kwa sababu doo zimefika hapo, huo ni uhaba wa kweli, sina neno. Ugomvi wangu ni na wimbo unaofichwa makusudi ili bei ipande. Tena ikipanda, bendi haioni hata senti. Anayevuna ni yule aliyenunua tatu, akaficha mbili, akangoja mwaka, akaziuza kwenye Discogs.

Mtaniambia hata wakubwa hufanya hivyo. Sawa. Mwaka 2012 Jack White alifunga nakala 1,000 za "Freedom at 21" kwenye maputo, akayaachia angani kule Nashville. Sarakasi tupu. Lakini wimbo huo huo ulikuwa kwenye albamu yake, Blunderbuss, na yeyote aliweza kuusikia. Mchezo ulitangulia, lakini chakula kikafuata. Sisi tunaiga puto, chakula tunasahau.

Na sisi wa Kakamega uhaba hatuhitaji kufundishwa. George Mukabi wa Kisa, bingwa wa omutibo, gita la vidole huku chupa ya Fanta ikikwaruzwa pembeni, alifariki 1963. Santuri zake ziliuzwa kwa yeyote mwenye pesa ya kununua. Zikawa adimu kwa sababu zilichakaa, zikavunjika, na wachache mno wakazitunza. Miaka mingi baadaye lebo ya Marekani, Olvido Records, ikazikusanya kwenye Furaha Wenye Gita. Nawapa heko, sauti iliokolewa. Ila mimi nilimsikia Mukabi kwa simu. Hapa Chekalini sijaona mtu mwenye mashine ya santuri. Muziki wetu unaishi kwenye memori kadi ya mtu wa boda na spika ya kinyozi.

Niliacha chuo kwa sababu ya karo. Kwa hivyo mtu akiniambia kitu kina thamani kwa kuwa walioingia ni wachache, simwamini. Nimekaa nje ya geti, na nje kuna watu wenye masikio.

Basi, bendi zetu, chapisheni hizo 100. Zipakeni rangi ya dhahabu, wekeni sahihi, uzeni kwa bei mnayotaka. Mwenye nazo atanunua na nyinyi mtalipa kodi ya nyumba. Lakini siku hiyo hiyo wimbo ufike kwenye simu ya msee wa Chekalini, kwa bei ya bando. Msipofanya hivyo, miaka 50 ijayo atakuja mgeni kuwatafuta kwenye vumbi, na akiwakosa, msimlaumu mtu.