Wapambe nao wawajibike

Dodoma imeshuhudia mara mbili ndani ya miaka saba jinsi kundi linalomzunguka kiongozi linavyomwinua na kumtupa. Julai 2015 wajumbe wa Halmashauri Kuu ya CCM walimwimbia Edward Lowassa ukumbini, mbele ya Mwenyekiti Jakaya Kikwete, baada ya jina lake kukatwa kwenye orodha ya wanaowania urais. Alipohamia Chadema mwezi huohuo, wengi wao walibaki walipo. Januari 2022 ikawa zamu ya Spika wa Bunge, Job Ndugai. Kauli yake kuhusu deni la taifa ilimlazimisha kuomba radhi Januari 3 na kujiuzulu uspika Januari 6. Kati ya wabunge waliozoea kumgongea meza, ni wachache mno waliothubutu kumtetea hadharani.

Usaliti huo si hoja yetu. Anayekusanya wapambe anajua anachonunua. Hoja ni kwamba kabla ya siku ya anguko, watu hao hutumia mamlaka ambayo hawakupewa na mpiga kura wala na sheria. Wao huamua nani amwone mkubwa, barua ipi ifike mezani, mkandarasi gani apigiwe simu. Mkulima wa zabibu wa Hombolo, Dodoma, hana namba zao, na shida yake haimfikii kiongozi anayelishwa sifa asubuhi na jioni.

Sheria imewaacha nje. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 inamtaka kiongozi atamke mali na madeni yake, ya mwenzi wake na ya watoto wake walio chini ya miaka 18. Mpambe hayumo. Kiwanja cha Iyumbu kikiandikwa kwa jina lake, tamko la kiongozi linabaki safi. Mahakama Kuu iliibatilisha takrima, yaani ruhusa ya mgombea kuwakirimu wapiga kura, mwaka 2006, lakini bahasha bado hugawiwa na mpambe ili mgombea aseme hajui.

Bunge lirekebishe sheria hiyo. Msaidizi binafsi na yeyote anayeshikilia mali kwa niaba ya kiongozi atajwe kwenye tamko, na Sekretarieti ya Maadili iwe na nguvu ya kumhoji. Mamlaka za uteuzi ziache kulipa sifa za jukwaani kwa vyeo. Na mpambe akikamatwa akiuza jina la mkubwa wake, utetezi wa "sikujua" ukataliwe: mkubwa huyo awajibike pamoja naye.